Mganga wa Punda Chini ya Hanang

Ukifika Gendabi, chini ya Mlima Hanang wenye kimo cha mita 3,417, usiulizie farasi. Huko maji, kuni na mahindi huchukuliwa na punda. Akiugua yeye, mzigo huhamia kichwani mwa mama.

Ndipo utakapoijua thamani ya mganga wa mifugo wa kujitegemea, mwenye pikipiki moja na sanduku la dawa. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 yamtaka awe ametambuliwa na Baraza la Veterinari. Hushughulika na kwato zilizorefuka na vidonda vya shogi. Kidonda kisidharauliwe: humo huingia pepopunda, maradhi ambayo hata jina lake lamtaja mnyama huyu. Chanjo ipo, lakini wengi wamlipiao ng'ombe bila kunung'unika huona punda hastahili gharama. Naye punda, maskini, huficha maumivu. Asusapo chakula, hali imekwisha kuwa mbaya. Tena punda jike hubeba mimba takriban miezi 12, akazaa mtoto mmoja tu.

Petroli nayo ni ghali. Afadhali majirani wawakusanye punda kumi mahali pamoja, wachangiane nauli ya mganga.