Eropleni Zilizoshindwa na Joto la Rufiji

Siku ukifika Kibiti, usipite tu na basi kwenda Kilwa. Shika njia ya Nyamisati, panda mashua, uingie katika delta ya Rufiji. Utaona mikoko imesimama majini pande zote, nawe utatokwa jasho kama aliyekaa karibu na chungu kinachochemka. Likumbuke joto hilo, maana ndilo habari yenyewe.

Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha humu baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata katika maji haba. Wakataka jicho la angani.

Mwezi wa Novemba akaja rubani Cutler na eropleni ya Curtiss, ya kutua majini. Rejeta yake ikavuja, ikatafutwa ya motokaa ya Ford kutoka Mombasa. Hata hivyo aliiona manowari. Lakini Desemba alilazimika kushuka, akatekwa. Mwaka 1915 zikaja Sopwith, kisha Short, nazo zikawa nzito na za kujikokota.

Je, kosa lilikuwa la marubani? La. Tutazame kama fundi, jambo moja moja. Kwanza, hewa ya joto na unyevu ni nyepesi: injini hupata nguvu kidogo, na mabawa hukosa kitu cha kushika. Pili, injini isiyopoa haiwezi kukimbizwa. Tatu, mbao na gundi huharibika kwa unyevu, na pangaboi likipinda au kupasuka halivuti sawasawa. Nne, maboya ya kutulia majini ni mzigo, tena huzuia upepo.

Ukijua chanzo, dawa huonekana. Waliacha mabomu au mtu wa pili ili chombo kiinuke. Mwishowe wakatengeneza uwanja kisiwani Mafia, wakaleta eropleni za magurudumu, Caudron na Henri Farman. Hii ya pili mifupa yake ilikuwa ya chuma.

Hata hizo hazikuwa na mbio za kukwepa risasi. Tarehe 11 Julai 1915 Cull na Arnold walipigwa juu ya delta, injini ikafa. Wakiwa wanashuka, Arnold aliendelea kuwapelekea wapiga mizinga wa meli Severn na Mersey maelekezo kwa simu ya upepo. Wakaangukia mtoni, wakaokolewa wote wawili. Siku hiyo hiyo Königsberg ikaangamia, Wajerumani wenyewe wakaimalizia.

Lakini msidhani mambo yaliisha hapo. Mizinga yake 10 ilitolewa majini, ikakokotwa na watu wetu kwa kamba na mabega hadi Dar es Salaam, ikapigana tena nchi kavu. Vita havikuisha huku mpaka Novemba 1918, na wapagazi wengi mno walikufa kwa njaa na maradhi. Mzinga mmoja ungali Fort Jesus, Mombasa. Majina ya walioikokota hayakuandikwa juu yake.

Basi ukipita Nyamisati, vua kofia kidogo. Marubani wamekumbukwa vitabuni. Wapagazi tuwakumbuke sisi, kwani ni babu zetu.