Nakuru na Kupwa kwa Ziwa Lake

Mombasa na Nakuru ni miji iliyounganishwa na reli tangu mwaka wa 1900, na yote miwili imejengwa kando ya maji. Lakini maji hayo yana tabia mbalimbali, na mtu ahamaye kutoka pwani kuja bara hana budi kuijua tofauti hiyo.

Mombasa ni kisiwa. Joto lake la usiku na la mchana halipitani sana, na pepo za kusi na kaskazi ndizo zigawazo mwaka. Nakuru uko yapata mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ndani ya Bonde la Ufa, kati ya milima ya Mau upande wa magharibi na vilima vya Bahati upande wa mashariki. Kaskazini yake uko Menengai, mlima wa moto wenye shimo la upana upatao kilometa 12. Kwa ajili ya mwinuko huo, asubuhi watu huvaa sweta, na adhuhuri huzivua. Masika huanza Machi au Aprili, na mvua huendelea mara kwa mara hata Agosti. Januari na Februari ni miezi ya vumbi. Na husemwa kwamba jina la Nakuru latokana na neno la Kimasai lenye maana ya mahali pa vumbi.

Wahenga walisema, maji hufuata mkondo. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huishia katika Ziwa Nakuru, wala hapana mto hata mmoja utokao humo. Maji hupungua hasa kwa kukaushwa na jua, nayo magadi hubaki.

Bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, hata mtoto wa pwani ajua saa zake. Ziwa hili nalo hujaa na kupwa, ila kwa miaka mingi, ndiyo sababu watu husahau. Katikati ya miaka ya 1990 lilikauka. Tangu mwaka wa 2010 likaanza kujaa, na kufikia mwaka wa 2020 eneo lake lilikuwa limeongezeka kutoka kilometa za mraba 40 hivi hadi zaidi ya 60. Lango kuu la hifadhi ya wanyama likafunikwa. Magadi yakazimuliwa, chakula cha ndege waitwao heroe kikapungua, na wengi wao wakaenda Ziwa Bogoria. Huko Mwariki jamaa nyingi zikaacha nyumba na mashamba.

Mnamo Desemba 2021 Nakuru ulipewa cheo cha jiji, na viwanja vinatafutwa kwa bidii. Basi anunuaye kiwanja karibu na ziwa asiridhike na hati peke yake, wala asiitazame ardhi wakati wa kiangazi tu. Na awaulize wazee wa mahali hapo: maji yalipojaa, yalifika wapi?