Mzee Aliyetoka Dirishani

Filamu yenyewe ni ya Sweden, ya mwaka 2013, imeongozwa na Felix Herngren kutokana na riwaya ya Jonas Jonasson. Allan Karlsson anatimiza miaka 100, keki inaandaliwa, yeye anatoka dirishani akiwa na viatu vya ndani. Stendi kijana mmoja anamwachia begi amshikie. Basi linakuja, mzee anapanda nalo. Kumbe limejaa hela. Baada ya hapo ni majambazi, tembo, na kumbukumbu za akina Franco na Stalin.

Niliitazama na babu hapa Tunduma, nikimtafsiria. Tembo hakumchekesha. Alichopenda ni pale dirishani pa tiketi, mzee anapotaka kujua vihela vyake vitamfikisha wapi. "Rudisha hapo," akaniambia, mara mbili. (Nilipomwambia mwigizaji, Robert Gustafsson, alikuwa hajafika hata miaka 50, alikataa kabisa.)

Marehemu King Majuto naye alituchekesha kwa mzee asiyetulia, ila visa vyake vingi nilivyoviona vilimkuta palepale uani, kwa mke na majirani. Karlsson anaondoka. Tena bila sababu, yaani si msiba, si hospitali.

Kwetu mzee hasafiri hivyo. Babu akitaka kuvuka tu Nakonde, mwendo wa miguu, nyumba nzima inauliza: unafuata nini Zambia? Hana jibu, basi anakaa.

Juzi ameniomba nimbadilishie elfu kumi iwe kwacha. Nimembadilishia.