Kambare na Tuta Langu

Nina neno juu ya kambare, samaki ambaye sisi Waluo twamwita mumi. Wengi humdharau kwa kuwa hana magamba na hukaa matopeni. Nami nilikuwa mmoja wao.

Shamba langu liko uwanda wa Kano, karibu na mto Nyando. Miaka michache iliyopita nilijenga tuta la udongo ili maji ya mto yasiingie katika mahindi. Masika ya kwanza, usiku, nikasikia kishindo nje ya tuta. Kulipokucha nikakuta kambare tele wamekwama katika maji haba, majike wamejaa mayai, na vijana wanawapiga kwa marungu. Nasi tulikula, sikatai.

Jioni baba yangu mdogo akaniuliza, "Mwanangu, wajua walikuwa wakienda wapi?" Sikujua. Walikuwa wakienda shambani kwangu.

Mvua kubwa zinyeshapo, kambare hutoka ziwani na mitoni kwenda penye majani yaliyofunikwa na maji machache. Hapo jike hutaga mayai maelfu kwa maelfu, yakashikamana na majani, kisha huenda zake asiyalinde. Huanguliwa baada ya siku moja au zaidi kidogo, kwa kadiri ya joto la maji.

Ni samaki wa ajabu. Juu ya matamvua yake ana viungo vyenye matawi kama kijiti, navyo humwezesha kuvuta hewa. Kwa hiyo huishi katika tope ambamo ngege angekufa, na hata hujikokota juu ya majani mabichi kwa miiba ya mapezi yake. Lakini tuta la futi nne halipandi.

Wafugaji wa samaki wajua taabu yake: bwawani ni nadra atage mwenyewe, hata humdunga dawa itokayo katika tezi ya ubongo wa kambare mwenzake. Na wavuvi wa mbuta hununua vitoto vyake kuwa chambo.

Masika hii nimefungua mlango wa hatua mbili katika tuta. Mistari sita ya mahindi imeoza, na mama watoto hajaniwia radhi. Nimewasihi vijana waweke marungu mpaka maji yapungue. Wawili wamekubali, wa tatu amecheka. Juzi nimeona majanini vitoto vyeusi, urefu wake kama punje ya mpunga.