Kila Chombo kwa Wimbile

Wahenga waliposema kila chombo kwa wimbile, waliiwazia bahari; lakini neno lao lafaa pia kwa hadubini.

Katika mwaka wa 1674, Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo wa Delft, Uholanzi, alitazama maji ya ziwa kwa lenzi moja ndogo mno, akaona viumbe hai wakiogelea. Hadubini ya maabara huunganisha lenzi mbili: ya chini hukuza sura ya kitu mara 40, na ya juu huikuza sura hiyo mara 10, zikawa mara 400.

Yamkini mtu akadhani kwamba lenzi zikizidi ubora, siri zitakwisha. Sivyo. Mwaka wa 1873 Ernst Abbe alionyesha kuwa mpaka umo katika nuru yenyewe: vitu viwili vikikaribiana kuliko nusu ya wimbi lake, hadubini ya kawaida huvionyesha kama kimoja. Virusi vya polio, vilivyolemaza watoto wengi, vilijificha nyuma ya mpaka huo.

Mwaka wa 1931, huko Berlin, Ernst Ruska na Max Knoll waliiacha nuru, wakatumia elektroni, zenye mawimbi mafupi zaidi, wakazipinda kwa sumaku. Lakini elektroni hutaka mahali pasipo hewa. Kiumbe hukaushwa au hugandishwa kwanza, na mwendo wake hukoma.

Basi chombo kimoja huonyesha uhai, kingine huonyesha udogo. Asiyeona kwa chake asiharakishe kusema hakuna kitu.