Diski moja iliyochoka, na mtu niliyemlaumu bure

Kisa hiki ni cha Julai 2024 na nimekikalia tangu wakati huo. Si kwamba ni siri, ila kuna mahali ndani yake ambapo sionekani vizuri. Haya, leo nakitoa.

Kuna ushirika mmoja wa wakulima wa maziwa (jina nitaliacha) ambao mfumo wake niliuandika mimi mwaka 2021. Kila alfajiri makarani wanapima maziwa, lita zinaingia kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, na mwisho wa mwezi programu inapiga hesabu, inakata deni la lishe na dawa za ng'ombe, kisha inatoa orodha ya kulipa kwa M-Pesa. Serva yenyewe imekaa chini ya ngazi, karibu na chumba cha mitungi. Ni Linux, na ndani yake diski 4 za terabaiti 2 zimeunganishwa kwa RAID 5. Hesabu ya mwisho wa mwezi ilizoea kuchukua dakika 20 hivi. Mwezi Mei ikachukua saa nzima. Mwezi Juni ikachukua zaidi ya saa nne na ikakatika mara mbili njiani, kwa hiyo malipo yakachelewa siku tatu.

Mhasibu wa ushirika ni mama wa makamo, mtu mpole sana. Alinipigia simu saa moja asubuhi. "Kijana wangu, mimi mambo ya kompyuta siyajui. Lakini watu wamejaa hapa dirishani, wana watoto shuleni. Niwaambie nini?"

Sasa, mwezi huo wa Mei tulikuwa na mwanafunzi wa chuo aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya kazini, na kazi niliyompa ilikuwa kuongeza ripoti mpya kwenye mfumo huo huo. Mnaona nilikoelekea. Kijana kaingia Mei, serva imeanza kuzorota Mei. Nikamwambia mama mhasibu, kijana akiwa amesimama pale pale, kwamba shida ni msimbo wa mwanafunzi na nitaurekebisha. Hakujibu. Jioni aliniuliza kitu kimoja tu: "Bosi, mbona ile taa ya serva haizimi?" Nikamwambia aachane na taa, asome kuhusu faharasa za hifadhidata.

Wiki mbili nikaandika upya ripoti zake. Ili kupima nilichukua nakala ya data nikaiweka kwenye laptopu yangu. Msimbo wangu mpya: sekunde 48. Msimbo wake wa zamani: sekunde 51. Hapo ndipo mtu mwenye digrii ya sayansi ya kompyuta angepaswa kusimama akajiuliza. Mimi nikasema, aah, laptopu ina diski ya SSD, haiwezi kulinganishwa. Nikapeleka msimbo mpya kwenye serva nikasubiri shukrani. Saa nne tena.

Ikabidi nipande matatu hadi kule, nikae chini ya ngazi na serva yenyewe.

Nilianza na yale ya kawaida. Kichakataji kilikuwa karibu kimelala, kumbukumbu ipo ya kutosha, ila asilimia kubwa ya muda ilikuwa ni ya kusubiri diski. Nikafungua /proc/mdstat: diski 4 kati ya 4, [UUUU], yaani zote wazima. Nikaendesha smartctl kwa kila moja: PASSED, PASSED, PASSED, PASSED. Ukiishia hapo utaenda nyumbani ukilaumu hifadhidata. Hilo neno PASSED msilibebe kama cheti cha daktari. Watafiti wa Google walichapisha mwaka 2007 utafiti wa diski zaidi ya 100,000, na zaidi ya asilimia 56 ya zile zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata dalili moja katika zile nne kuu za SMART.

Kilichonifumbua macho ni amri ndogo: iostat -x 5. Inakuonyesha kila diski peke yake, kila baada ya sekunde 5. Tazameni safu ya r_await, yaani ombi la kusoma linangoja kwa milisekunde ngapi mpaka lijibiwe, na safu ya %util, yaani diski ina shughuli kwa sehemu gani ya muda. Diski tatu zilikuwa na milisekunde 7, 9, 8, na shughuli chini ya asilimia 15. Ya nne, sdc, ilikuwa na milisekunde 940 na shughuli asilimia 100. Nilidhani nimesoma vibaya. Nikangoja sekunde 5 nyingine. 1,100.

Tuelewane kwa nini diski moja inaangusha zote. RAID ilielezwa kwenye andiko la mwaka 1988 la Patterson, Gibson na Katz wa Berkeley: badala ya diski moja kubwa ya bei ghali, unganisha nyingi za bei nafuu. Katika RAID 5 data hukatwa vipande na kusambazwa kwenye diski zote, pamoja na kipande cha ukaguzi kinachowezesha kukokotoa upya diski moja ikipotea. Faili kubwa iko kwenye diski zote, kwa hiyo ukiisoma huwezi kumaliza kabla ya ile ya mwisho kujibu. Kuandika ni balaa zaidi, kwa sababu badiliko dogo linadai kusoma data ya zamani na kipande chake cha ukaguzi, kisha kuviandika vyote viwili upya. Diski tatu zinatembea na mgonjwa, na mwendo ni wa mgonjwa.

Na kwa nini hakuna kengele iliyolia? Kwa sababu diski haikushindwa! Ya mizunguko 7,200 kwa dakika huchukua milisekunde 8.3 kuzunguka mara moja. Ikikuta sekta isiyosomeka vizuri, inangoja mzunguko mwingine na kujaribu tena, na tena, labda mara mia, halafu inafaulu. Kwa Linux hilo ni jibu sahihi lililochelewa tu. Diski zilizotengenezwa kwa ajili ya serva huwa zinakata tamaa baada ya sekunde 7 hivi ili zile nyingine zikokotoe jibu. Diski zetu zilikuwa za kompyuta za mezani, ambazo hung'ang'ana. Na aliyezinunua ili kuokoa pesa ni nani? Mimi.

Nilirudi kwenye SMART, safari hii nikasoma jedwali zima badala ya lile neno moja. Current_Pending_Sector kwenye sdc ilikuwa 16, nyingine zote 0. UDMA_CRC_Error_Count ilikuwa 0, basi si waya. (Ingekuwa inapanda, badilisheni waya kwanza kabla ya kununua diski, mtaokoa pesa nyingi.) Mwisho nikasoma kila diski moja kwa moja kwa dd, na hapa tahadhari: if ni unakotoa, of ni unakopeleka, ukizigeuza umefuta diski. Tatu zilisoma megabaiti 140 hivi kwa sekunde. Ya sdc ilianza vizuri vile vile, ila nilipoielekeza katikati ikaanguka hadi 3.

Kitu kilichonitia jasho kilikuja baadaye. Nilipotafuta bakapu ili nianze kazi kwa amani, nikakuta ya mwisho iliyokamilika ni ya tarehe 2 Juni. Kazi ya usiku ilikuwa inachukua muda mrefu hadi inagongana na ya asubuhi, na niliiandika mwenyewe ijikatize kimya ikigongana. Wiki sita za maziwa ya watu zilikuwa kwenye safu yenye mgonjwa mmoja, na RAID 5 huvumilia kifo cha diski moja tu. Usiku huo sikulala. Nilitoa data yote kwenye diski ya nje, ikaisha saa kumi na moja alfajiri makarani wakiwasha mizani.

Diski mpya niliiunganisha kwenye nafasi ya tano, nikatumia mdadm --replace badala ya kuing'oa ile mbovu kwanza. Kwa njia hiyo ya zamani inabaki kazini wakati inanakiliwa, na sekta ikikataa kabisa zile nyingine tatu zinasaidia. Ilichukua saa 19. Stima ilipotea mara moja katikati, betri ikashika mpaka jenereta ya kupozea maziwa ikawaka. Kisha, wakati wa kuitoa, nilishika diski ya tatu kutoka juu kwa sababu c ni herufi ya tatu. Nikakumbuka kulinganisha namba ya kiwandani kutoka smartctl -i na ile iliyo kwenye kibandiko. Haikuwa hiyo. sdc ilikuwa ya chini kabisa.

Hesabu ya Julai ilichukua dakika 18, kwa msimbo wa mwanafunzi. Ule wangu niliutoa, hesabu zake zilikuwa ngumu kufuata bila sababu.

Nilimpigia simu kijana, alikuwa amesharudi chuoni. Nikamwambia nilimkosea, na kwamba nimemweleza hivyo mama mhasibu pia, kwa sababu nilimwaibisha mbele yake. Akanyamaza kidogo. "Sawa bosi. Kwa hiyo ilikuwa ile taa?" Nikasema ndiyo, ilikuwa ile taa. Halafu akaniuliza kama anaweza kupewa diski mbovu aifungue, anataka sumaku zake.

Diski nzima sikumpa. Hata peke yake, diski ya RAID 5 imebeba vipande vya kilobaiti 512 vinavyosomeka kabisa, na humo kuna namba za simu na za vitambulisho vya wakulima, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haina mchezo. Niliifungua mwenyewe, sahani zake nikazitoboa kwa dirili, sumaku nikazifunga kwenye bahasha nikamtumia.