Mlima Ulisema Kwanza



Mdogo wangu anatumika katika kiwanda cha miwani huko Italia, upande wa Belluno. Nilipoenda kumwona, siku ya posho alinipeleka kwa treni mpaka mji mdogo unaoitwa Longarone. Mji huo uko kando ya mto Piave, mlangoni pa bonde la Zoldo. Hata kituo cha treni kinaitwa Longarone-Zoldo. Ng'ambo ya mto, milima ya Alpi imeachana kidogo tu, kama mlango mwembamba, na katika nafasi ile umesimama ukuta wa beto.

Mdogo wangu akanyoosha kidole: "Yaya, unaona ile ukuta kule yulu? Njo baraje ya Vajont."

Sisi watu wa Kolwezi baraje si kitu kigeni, Nzilo iko karibu nasi. Lakini ile ya Vajont inapita mita 260 kwenda juu. Kampuni SADE iliimaliza mwaka 1960, kusudi itoe umeme.

Nikauliza: "Na maji iko wapi?"

"Hakuna. Mulima ilikamata nafasi yake."

Kisha akanieleza. Kando ya ziwa la baraje kulikuwa mlima Toc. Maji yalipoanza kupanda, udongo wa Toc ulianza kutembea. Mwaka 1960 ulitokea ufa wa kilometa 2 hivi, na tarehe 4 Novemba kipande cha kwanza kikaanguka ziwani. Maenjenyeri waliona, wakapima, wakaandika. Lakini kazi iliendelea, na maji yakapandishwa tena. Mwaka 1963 mlima uliongeza mwendo, wakaanza kupunguza maji, lakini walikuwa wamechelewa. Watu waliokaa kwenye mteremko wa Toc waliambiwa watoke. Watu wa Longarone, kule chini, hawakuambiwa.

Tarehe 9 Oktoba 1963, saa nne na dakika 39 za usiku, wengi walikuwa katika baa wakitazama mpira kwenye televizyo. Udongo na mawe, metakibu zaidi ya milioni 260, viliteremka ziwani kwa mara moja. Maji yakaruka juu ya ukuta, yakashukia mji. Kwa dakika chache tu karibu watu 2,000 walikufa. Katika kijiji cha Pirago, pembeni ya mji, mnara wa kanisa ulibaki umesimama, kanisa lenyewe likaenda. Na ukuta wa baraje haukuanguka. Uko mpaka leo. Beto ilijengwa vizuri kabisa. Kilichokosa ni kumsikiliza mlima.

Tulienda pia kwenye makaburi ya Fortogna. Kuna mawe meupe 1,910, yote sawasawa, kwa mistari. Pale nilikaa chini, na mdogo wangu alijua sababu. Hakusema neno.

Sasa niwaambie nanyi. Zamani nilichimba pamoja na mukubwa wetu katika shimo moja la kwetu. Siku moja ya tano jioni niliona ufa kwenye ukuta wa shimo, mwembamba, mkono hauwezi kuingia. Niliutazama, nikanyamaza. Kwa nini? Juu shimo lile lilikuwa linalisha nyumba tatu. Juu niliogopa wenzangu waseme: "Huyu ni mwoga, arudie kwa bibi yake." Kesho yake asubuhi nilichelewa kufika. Mukubwa hakuchelewa.

Miaka mingi nilisema ni ajali, ni siku yake ilifika. Pale Fortogna nilishindwa kusema vile tena. Udongo ulisema kwanza, na mimi nilikuwa nimesikia.

Mtu ataniuliza: kusema kunasaidia nini? Swali hilo si la bure. Kulikuwa mama mmoja, Tina Merlin, mwandishi wa gazeti l'Unità. Mwaka 1959 aliandika hofu ya wakaaji wa Erto, kijiji cha kule juu. Walimpeleka mbele ya mahakama eti anatia watu wasiwasi. Mwaka 1960 waamuzi wa Milano walimwachilia, hakuwa na kosa. Na bado watu walikufa. Ni kweli. Lakini yeye usiku ule hakuwa na neno alilolificha. Mimi ninalo, na ninalala nalo.

Niliporudi nyumbani, mtoto wa marehemu, kijana wa miaka 19, alikuwa ameanza kushuka katika mashimo. Sikumfokea. Nilimweleza habari ya Toc, kisha nikamweleza ule ufa wa siku ya tano. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia. Alinyamaza sana, akaniuliza: "Papa mudogo, uliiona kabisa?" Nikamjibu: "Niliiona, mwana yangu."

Siku tatu hakunisalimia. Siku ya nne alikuja mlangoni na udongo kwenye viatu. Akasema: "Leo tuliona maji inatoka mu ukuta. Niliambia wote. Bamoja balicheka. Batano tulitoka."

Shimo lile bado halijaanguka. Waliocheka wangali wanamcheka. Mimi nilimpa kiti, bibi yangu akamletea bukari, tukala pamoja.